Injini Kubwa ya Zein

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Kaizar,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Leicester, na baridi yenu imewafanya nini mwaka huu? Magoti ya Munira yamepata nafuu? Na Insiya, bado halali mpaka taa iwashwe? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila hili joto la kaskazi limenitia vipele shingoni kama mtoto mchanga.

Nyumba imesimama. Dirisha la upande wa Ndia Kuu limeng'oka bawaba moja, nimelifunga kwa kamba. Usicheke.

Nakuandikia kwa sababu Zein ameondoka. Najua amekupigia simu, lakini nadhani alikueleza habari za gari tu. Mimi nikueleze yaliyobaki. Tangu dada yetu Areeba afariki na kuniachia huyu mtoto, sijapata kulala nyumba hii peke yangu. Hata Tayebali wangu alipokwenda mbele ya haki, Zein alikuwepo.

Alipata kazi ya kusambaza vipuri Nakuru, kwa sharti awe na gari lake mwenyewe. Nikampa gari la marehemu mume wangu. Basi likawa dogo machoni pake. Ati milima ya bara yataka nguvu! Akaing'oa injini, akaifunika turubai ghalani, akatia nyingine aliyoipata kwa rafiki yake, yenye turbo, nguvu za farasi karibu mia tatu. Giaboksi akaiacha ile ile ya otomatiki iliyotoka kiwandani.

Giaboksi ikaungua. Ikatengenezwa, ikaungua tena. Mara hiyo ya pili nilikuwemo mimi na jirani yangu Beryl, na sufuria ya biriani mapajani, tunampelekea mzazi aliyejifungua huko Nyali. Katikati ya daraja injini inanguruma kama iliyopandwa na pepo, na gari haliendi! Beryl anacheka, mimi nasoma Ayatul Kursi. Biriani tuliila sisi kando ya barabara tukingoja kuvutwa, Mungu atusamehe.

Na nikwambie kweli, Kaizar, kila ilipoungua nilifurahi. Kila baada ya Alasiri alikuwa yuko chini ghalani, amelala uvunguni mwa gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. "Masi, chai!" Nami mamake mdogo nashuka ngazi nikinung'unika, na moyo umejaa.

Kisha fundi wake, Bwana Kiti, mtu mpole wa Kaloleni, akaja kuniona Zein akiwa hayupo. Alikuwa amechoka kusema naye, maana Zein alimwita mwoga. Akanieleza kwamba giaboksi hutengenezwa kiwandani kwa kiasi cha injini yake, na huachiwa ziada kidogo tu. Yetu ni ya farasi mia na hamsini. Ukiongeza thuluthi, ukaweka kipoza mafuta, na mguu wako ukawa na adabu, huenda ikavumilia. Lakini mara mbili yake, hapana. Klachi zilizomo ndani zitateleza na kuungua kila mara, utie mafuta gani utie. Kuijenga upya iwe ngumu zaidi kunataka vipuri vya ng'ambo, na hivyo ni vya kungoja miezi.

"Mwambie arudishe injini ndogo, mama," akasema. "Wewe atakusikia."

Nikinyamaza, ile kazi atapewa mwingine, na mtoto atabaki pale chini na spana zake. Nikisema, ataondoka. Yarabi! Siku ile nzima nilisukuma chapati za kulisha mtaa. Kesho yake, tukila chakula cha mchana, nikamwambia, "Zein, irudishe ile injini ya zamani. Nakuru hawatakungoja milele."

Aliniangalia sana. "Na wewe, Masi?"

"Mimi nina nini? Nina Beryl, nina redio. Kula."

Injini ndogo ikarudi, giaboksi ikatengenezwa, na Alhamisi nilimpitisha chini ya msahafu mlangoni, nikamtia sukari mdomoni, akaenda. Amefika salama, na giaboksi haikulalamika hata kwenye milima. Kazi ameanza, na mwajiri wake amemfurahia. Nashukuru, wallahi nashukuru.

Lakini nyumba ni kubwa, Kaizar. Napika kikombe kimoja cha mchele na bado chabaki. Jana nilishuka na chai mpaka ngazi ya mwisho, ndipo nikakumbuka. Nikaketi pale pale nikainywa mwenyewe, nikalia kama mjinga.

Nisalimie sana Munira, umbusu Insiya kwa niaba yangu, na shangazi Sakina ukimwona mwambie dawa yake ya vipele naitaka. Mola awafunike kwa rehema zake, akuzidishie afya na riziki ya halali.

Ramadhani imekaribia. Kila mwaka huniuliza kama uje ufuturu nasi, na kila mwaka nakujibu usijisumbue, sisi hatuna neno. Mwaka huu hujaniuliza bado. Niulize.

Dada yako akupendaye siku zote,

Khatoon