Kitinda Amebaki Nyumbani

Nyumbani,
Jumapili, baada ya kufua.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Za huko? Miguu bado inakusumbua? Kazini wanakupa hata nafasi ya kukaa? Sisi tunapumua, na siku hizi hiyo tu ni ya kushukuru. Bibi kifua chake ni kilekile. Nisamehe mwandiko, unajua shule mimi niliipita pembeni. Ila kwenye simu maneno yananikwama.

Ulisikia shule zimefunguliwa. Mimi bado mlinzi palepale getini. Siku ya kwanza walikuja wakubwa kukagua. Ndoo za maji zimepangwa, sabuni mpya, madawati yameachanishwa mpaka unaweza kulala katikati. Wakapiga picha, wakaondoka. Kesho yake ndoo zikafungiwa stoo eti zisiibiwe, na watoto wakarudi kubanana kama kuni kwenye mzigo.

Barakoa ndiyo usiseme. Amri ni moja, asiye nayo haingii. Basi watoto wakishaingia wanazivua, wanawapitishia wenzao kwenye tundu la uzio. Barakoa moja yenye ua jekundu niliiona inaingia, inaingia tena, kila mara na sura nyingine, mpaka imelowa. Wao wanacheka. Nikajikaza, nikaenda kumwambia mwalimu mkuu. Akaniuliza, "Kijana, wewe ni mlinzi au daktari?" Walimu wakaangua kicheko. Mkuu akaongeza, "Si wameingia nazo? Basi!" Nikarudi kwenye kiti changu getini.

Nikasema nyumbani. Nilidhani Baba atawaita wazazi wenzake wakadai zile ndoo. Wapi! Akaweka kijiko chini, akasema, "Kitinda haendi tena shule. Analala kitanda kimoja na mama yangu, ataniletea msiba humu ndani." Na mdogo wangu huu ndio mwaka wake wa mtihani, Shangazi. Bibi akaja juu: "Mimi chumvi nimekula ya kutosha, mwache mtoto asome!" Baba akatoka nje.

Kitinda hakulia. Aliniangalia tu. "Kaka, nani alikutuma useme?" Tangu hapo tukikutana mlangoni ananipisha kama mgeni. Kila asubuhi nafungua geti, watoto wa watu wanaingia, wa kwetu anasugua masufuria.

Bibi nimempa chumba changu, mimi nalala kibanda cha getini. Kwa hiyo hawalali pamoja tena. Baba bado anasema hapana. Mimi sina ubavu wa kubishana naye, ila wewe ni dada yake mkubwa, ukiinua sauti anasimama wima. Ulipopiga simu ulituambia tufuate maelekezo ya kunawa mikono. Tunayafuata, Shangazi. Yamefungiwa stoo. Naomba umpigie Baba wiki hii hii, kabla hawajaandikisha watoto wa mtihani. Ukimaliza, mpigie na mwalimu mkuu. Mtu wa mbali wanamsikiliza kuliko mlinzi.

Bibi anakusalimu, anasema ule vizuri. Baba naye anakusalimu, ingawa hajui kama naandika. Mungu akufunike huko ulipo, akurudishe ukiwa mzima.

Kitinda nilimwomba salamu zake. Akasema, "Mwambie nipo tu."

Ni mimi mwanao, nikupendaye,
wa getini.