Vikombe vya Senge Nasimiyu

Jumapili jioni, Kitale

Ati atubu kwanza! Nimerudi kutoka kanisani Myanga na hasira haijashuka bado.

Senge Nasimiyu, dada ya baba, aliolewa bibi wa pili akiwa msichana. Kwa miaka hiyo yote kanisa limemnyima meza ya Bwana, lakini kila siku ya ushirika yeye ndiye huosha vikombe. Mzee wake tulimzika mwezi uliopita. Leo pasta akamsimamisha mbele ya watu, akasema sasa yuko huru kushiriki, bora tu akiri kwamba ndoa yake ilikuwa dhambi.

Senge alimtazama. "Pasta, nitubu nini? Watoto wangu sita, ama mzee niliyemuuguza mpaka akakata roho?"

Pasta akamwambia arudi akae.

Nililelewa nikiambiwa mchungaji hakosei. Siku hizi siamini hivyo, na naogopa kusema, maana mimi hufundisha watoto kanisani na watu watasema nimepotea. Lakini Yesu ninayemsoma mimi alikula na watu hata kabla hawajatubu. Si ndivyo ilivyoandikwa?

Ningesimama. Ningesema hivyo hapo hapo, mbele ya wote. Badala yake, sinia lilipofika kwangu nilichukua mkate, nikanywa divai, nikainamisha kichwa kama mtakatifu.

Baada ya ibada nilimkuta Senge nyuma ya kanisa, mikono ndani ya karai. Alikuwa anaosha vikombe vyetu, na changu kikiwemo.