Nilisimulia Kalulu Saa Sita ya Mchana

Yaya Ngoie, dada yangu mukubwa,

Usinicheke kwanza. Hii barua niliianza mara tatu, na mara tatu nikapasula karatasi, hasira ilikuwa inashinda kalamu. Minyi mwenyewe, Kalenga, ndugu yako mudogo, ule bantu bote ya gari-moshi ya Kamina banamujua, ule alisimamisha treni ya mizigo na shati yake tu, nimeshindwa na mutoto ya miaka saba. Na mutoto mwenyewe ni Mado wako.

Tangu tukuzike, miezi ine sasa, Mado halali. Giza ikiingia, anakamata kitenge ya Mama yetu, anakaa juu ya mukeka, macho wazi kama samaki ya soko ya Mulongo. Zamani weye ulikuwa unamusimulia Kalulu, ule sungura mujanja, na Mado analala mbele Kalulu hajaiba hata karanga moja. Sasa minyi nikifungua mudomo, anaziba masikio. Hadithi zangu, Yaya! Zenye hata mamba ya Lualaba ilitoka ku maji kuja kusikiliza! Nikasema ni kiburi. Nikamugombeza. Ndiyo, nilimugombeza mutoto yako, na hiyo nitakuja kuijibu mbele yako.

Basi juma iliyopita binti moja akafika na pikipiki, tableti mu mukono. Akasema wakubwa bake, bantu ya sayansi, beko banafanya uchunguzi juu ya usingizi wa batoto. Vizuri. Nikamupa ile kiti yetu yenye kubaki na mugongo. Lakini sikiliza maswali! Mutoto analala saa ngapi? Iko na kitanda yake peke yake? Anaangalia televizio mbele ya kulala? Televizio, Yaya, kwetu huku umeme inapita kama mugeni, hata haikai! Munamusomea kitabu? Hapana. Akatia alama. Na Mado pale pale, miguuni ya Nkambo yake, Mama yetu, macho mekundu kama pilipili, hakuna mutu alimuuliza hata jina.

Nikachemka. Nikamuambia: "Mamzele, kitabu hatuna, lakini hii mudomo ni maktaba!" Akafurahi, akasogeza ile tableti karibu: "Basi Papa, tupe hadithi moja, ninase sauti."

Ilikuwa saa sita, jua katikati ya kichwa. Weye unajua, kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Lakini minyi, mbele ya mugeni, niogope? Nikakohoa: "Siku moja Kalulu..."

Mado akaruka. Akaniziba mudomo na mikono yote mbili. "Mujomba, nyamaza! Nkambo atakufa kama Mama!"

Yaya, nilisikia baridi na jua yote ile.

Alieleza kidogo kidogo, kwikwi inamukata. Ile siku homa yako ilianza, asubuhi ku masomo, wakati ya mapumziko, alisimulia benzake Kalulu. Kurudi nyumbani, akakukuta chini ya blanketi mbili, unatetemeka. Siku ya tatu ukaenda. Miezi ine mutoto anajua yeye mwenyewe njo alikuua. Miezi ine anashika kitenge ya Nkambo ili huyu asiende, na hata hadithi ya usiku anaiogopa.

Na nani alimufundisha? Wazee walisema tu: usisimulie mchana, mama yako atapotea. Maneno ya kutuma batoto ku kazi. Lakini minyi nilitia chumvi gunia nzima! Unakumbuka? Nilitaka kusikiliza mupira ku radio, batoto banadai hadithi. Nikabaambia ku Mulongo niliona na macho yangu kijana alisimulia mchana, mama yake anatwanga mihogo, muchi ikaanguka, kinu ikabaki peke yake na kitenge chini. Weye ulicheka mpaka machozi: "Kalenga, mudomo yako inatembea mbele ya treni!" Sote tulicheka. Mado hakucheka. Alikuwa anaweka mu moyo.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mado, ile ya Mulongo ni uongo. Niliiunda minyi." Hakuamini. Angeamini namna gani? Mwongo anasema aliongopa!

Pale njo Mama yetu akafungua mudomo: "Simulia, Kalenga. Niko hapa. Kama nakufa leo, ni njaa itaniua, hii mihogo yenu haiivi."

Nikasimulia Kalulu yote, mpaka mwisho, mchana peupe. Sauti ilitetemeka, Yaya, usiambie mutu. Mado hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa anaangalia Nkambo yake. Nilipomaliza, Mama akaomba maji, akasema Kalulu ya zamani yake ilikuwa na akili kupita hii yangu.

Yule binti akapangusa macho, akasoma swali ya mwisho: kwa maoni yangu, wachunguzi waanze na nini? Kitanda, saa, televizio? Nikamujibu: "Waanze kumuuliza mutoto anaogopa nini. Andika!" Akatafuta chini, akatafuta juu. Nafasi haikuwa. Akaandika pale penye kusemwa "Ingine." Ingine! Bantu ya masomo makubwa banahesabu televizio ya bantu basio na umeme, na woga wa Mado unaingia mu ingine! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kisha nikamuangalia Mado. Minyi pia, miezi ine, sikumuuliza.

Mado alichunga Nkambo mchana yote. Akamugusa uso, akamugusa miguu. Jua ilipoanguka na Mama iko bado analalamikia mihogo, Mado akaweka kichwa juu ya paja yake, akalala. Hata chakula hakula. Jogoo ziliwika zikachoka, yeye bado mu usingizi.

Yaya, sitaapa kuacha chumvi, utanicheka huko uliko. Lakini naahidi: kila jioni, mbele ya hadithi, nitamuuliza Mado anaogopa nini, na kisha ya hadithi nitamuonyesha chumvi iko wapi. Na nianze na weye. Ile treni ya mizigo, Yaya, ilikuwa imeharibika tangu asubuhi. Nilisimama tu mbele yake na shati.

Pumzika. Mutoto yako analala.

Kalenga