Nyasi za Wageni

Nshambya, Bukoba
Jumapili jioni

Mama,

Wiki iliyopita nilikuja nyumbani, na tangu nirudi chakula kinanishinda. Mke wangu anadhani ni malaria. Nimemwacha adhani hivyo, maana malaria ina dawa na haimwaibishi mtu.

Tangu tukuzike pale kibanjani, katikati ya migomba uliyoipanda mwenyewe, nimepandishwa cheo. Najua ungefurahi, ungepika na kuita majirani. Lakini ushuru wa kahawa nao umepandishwa, na papo hapo ofisi zote zimeagizwa kupunguza matumizi. Kule kwetu, chumba cha kujifungulia cha zahanati kinafungwa. Ma Paskazia, yule mkunga aliyekushika mkono mpaka pumzi yako ya mwisho, anaachishwa kazi mwezi huu ukiisha. Alitakiwa mtu wa kwenda Muleba kuwaeleza wananchi, na mkubwa wangu akanichagua mimi. Alisema watu wangu watanisikiliza kwa sababu nitawaeleza kwa Kihaya.

Sikulazimishwa, Mama. Nilikubali, na suti niliipiga pasi mwenyewe. Hata ile hesabu niliyopewa haikuwa ya uongo. Bei ya kahawa imeanguka huko inakouzwa, serikali haina kitu, na barabara na shule zinadai. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno kichwani kwa Kihaya, huku dereva wetu, Mgogo mmoja mcheshi, akinicheka jinsi midomo yangu ilivyokuwa ikicheza.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Walikuja wote. Ta Byabato, mzee wa kijiji, alikuja na fimbo yake, akina mama wa jumuiya yako wakakaa mbele na kanga zao za kanisani, na Ma Paskazia mwenyewe akakaa pembeni akiwa amevaa gauni lake jeupe la kazi. Nilisimama. Nikawatazama. Nikakumbuka kwamba mwaka ule nilipofaulu kwenda sekondari, kila nyumba pale ilileta kahawa uwanjani kwako, ikamwagwa juu ya mkeka mmoja, ikauzwa ili mimi nivae viatu na nisome. Sasa nilitakiwa niwaambie, kwa lugha waliyonifundishia kuomba maji, kwamba nimekuja kuchukua kahawa nyingine na kuwaondolea mkunga.

Ulimi ulikataa. Nikafungua faili, nikaanza kusoma kwa Kiswahili.

Kiswahili cha ofisini kinasaidia sana, Mama. Nilisema "marekebisho ya viwango". Nilisema "kubana matumizi kwa manufaa ya taifa". Maneno yalitoka yamenyooka kama suruali yangu, na hakuna hata moja lililokuwa na sura ya mtu. Nusu ya wazee hawakunielewa. Waliowaelewesha walikuwa wajukuu wao, kwa kunong'ona, na niliona habari ikitembea kutoka mstari mmoja hadi mwingine, nyuso zikifungika mojamoja.

Nilipomaliza nikangoja matusi. Mwenzangu aliyetumwa upande wa Kamachumu alikuwa amerudi koti limechanika mfukoni. Walimzomea, wakamtaja mpaka babu yake, mama mmoja akamwuliza kama aliwahi kuzaliwa au aliokotwa. Alitusimulia huku akicheka, na siku ile nilimwonea huruma.

Mimi walinipigia makofi, Mama. Makofi mazuri kabisa, ya kumpigia mkubwa aliyetoka mbali. Ta Byabato akasimama, akanishukuru kwa Kiswahili cha kuokoteza, akasema wamesikia, akanitakia safari njema. Hakuna aliyeuliza swali. Ma Paskazia aliinuka, akajikung'uta vumbi, akarudi zahanati kwa sababu kulikuwa na mama mwenye uchungu.

Basi nikasema niende nyumbani kwako, nivue koti, nipumzike. Shangazi Kokugonza ndiye anayekaa pale sasa, kama ulivyotaka. Nikakuta habari ya mkutano imenitangulia: mlango wa mbele uko wazi na sakafuni kumetandikwa nyasi mbichi, zimekatwa muda uleule, kuanzia kizingiti mpaka kwenye kiti.

Unakumbuka nilivyokuwa nikijitupa juu ya nyasi kama zile? Ulikuwa unanitoa kwa upande wa kanga. "Hizo ni za wageni. Wewe mwenye nyumba pita nyuma." Nilikuwa nalia, naona unawapenda wageni kuliko mimi.

Shangazi alinikaribisha kwa mikono miwili. Akaleta kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna ambayo ulikuwa ukinichapa vidole nikiidokoa kabla wageni hawajafika. Akapiga goti kidogo kunipa. Shangazi yangu, aliyeniogesha! Akasema, "Karibu, bwana afisa. Nyumba yetu ni maskini, lakini karibu."

Alisema kwa Kiswahili. Shangazi ambaye sijawahi kumsikia akisema Kiswahili isipokuwa sokoni, akimkatalia mchuuzi bei. Nilimjibu kwa Kihaya, haraka, kama mtu anayekimbilia gari linaloondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akanijibu tena kwa Kiswahili kwamba chakula kitakuwa tayari baada ya muda mfupi.

Nikainuka ili nimsaidie kuteka maji. Akanizuia, akasema mgeni hashiki mtungi. Kisha akatoka nje akamwita dereva, akampa mundu, akamtuma kibanjani akakate mkungu. Nilikaa kwenye kiti nikimsikia yule Mgogo, ambaye hajui kutofautisha mgomba wa kupika na wa pombe, akifundishwa na kutaniwa, na shangazi akicheka kicheko chake cha siku zote. Dereva alikula jikoni na watoto. Mimi nilitandikiwa kitambaa cha meza.

Nilipoaga nikaomba kupita kaburini. Shangazi alinisindikiza kama wanavyomsindikiza mtu asiyejua njia. Nilisimama mbele yako na sikuweza kusema lolote, kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yangu na nilijua anangoja kusikia nitakusemesha kwa lugha gani.

Naona aibu, Mama. Naona aibu kwa ushuru, ndiyo, lakini ushuru hata mwingine angeutangaza. Aibu inayonichoma ni kwamba watu walionivisha viatu walikuwa tayari kunitukana kama mtoto wao, na mimi nikawanyima hata nafasi hiyo. Siku ya uhuru ulicheza mpaka ukapoteza kitambaa cha kichwa, ukasema sasa hata tukilipa kodi tutakuwa tunamlipa mtu wa kwetu, tutamkamata shati tumwulize. Nimekuwa mtu huyo, na sikuwaachia shati.

Akamwani moja ya shangazi bado iko mfukoni mwa koti. Sikuweza kuitafuna.

Jumamosi ninakuja kwa basi, bila suti na bila faili. Nimeomba nafasi ya kusema tena na watu pale shuleni, na Ta Byabato amekubali, ingawa amejibu kwa Kiswahili. Ushuru siwezi kuushusha, sina nguvu hiyo. Mkubwa nimemwandikia kuhusu Ma Paskazia na hajanijibu. Lakini nitawaambia kwa Kihaya, neno kwa neno, kwamba tumeongeza tunachochukua na tumepunguza tunachotoa, na nitabaki nimesimama mpaka aliye na tusi la mwisho alimalize. Kisha nitakuja nyumbani na kupita nyuma, kwa mlango wa jikoni. Shangazi akinifokea kwa kuchelewa, nitashukuru. Akinitandikia nyasi tena, nitarudi Jumamosi nyingine, na nyingine.

Pumzika, Mama. Barua hii siileti. Kiswahili chako kilikuwa cha sala tu, na mimi nimekuandikia kurasa zote hizi kwa lugha ya ofisini kwa sababu hata hapa, peke yangu, niliogopa ile nyingine. Nitaiacha mezani Nshambya. Kabla ya mkutano nitapiga magoti kaburini kwako na kukuambia yote upya kwa Kihaya, hata shangazi akiwa amesimama nyuma yangu.

Mwanao,
Ishengoma