Maldivi Sikuichagua Mimi

Muscat

Dada Somoe,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Mama miguu yake inaendeleaje, anafika shambani au ndiyo anashinda barazani? Ufuta mmeshavuna? Mimi huku mzima wa mwili, nakula, nalala. Mengine utayasoma.

Nimeandika kwa mkono makusudi. Kwenye simu unaniweka spika, Matambarale nzima inanisikiliza, na nikianza kulia mnasema mtandao mbaya. Barua hii analeta Rehema wa Nanganga, yule tuliyekuja naye kazini. Mkataba wake umeisha, anarudi kwao. Msimpe maji tu, mpikieni.

Dada, likizo niliahidiwa tangu mwaka jana. Madamu, mama wa nyumba hii ninayolea watoto, alikubali kwa mdomo wake nije nyumbani mwanangu atakapochezwa unyago. Nikanunua vitenge vya kumvisha siku atakapotolewa nje, nikavikunja sandukuni. Kumbe wenzangu wanapanga safari ya Maldivi wiki hizo hizo, na watoto wao hawalali bila mimi.

Nchi yenyewe iko katikati ya bahari, vipande vya mchanga tu, hamna hata kichuguu. Unashuka ndege kubwa, unapanda kindege kinachotua juu ya maji. Nyumba za wageni zimesimama baharini kwa nguzo, utadhani madungu ya kulindia mpunga. Na anayepanga mabegi ni mimi: maboya ya watoto, mafuta ya kujikinga na jua, dawa ya kutapika. Hata mimi nimenunuliwa nguo ya kuogelea, mimi niliyekulia kuoga kwa kata. Nilipoijaribu nikajitazama kwenye kioo nikaona aibu mwenyewe.

Nilimwendea madamu nikamwambia siwezi kwenda, mwanangu anachezwa. Kiswahili anakijua, mama yake alizaliwa Unguja. Akanisikiliza vizuri, akatabasamu.

"Zuhura, hilo lisikusumbue," akasema. "Tutamkatia keki huko huko kisiwani, tumtumie picha."

Keki, Dada. Kwa unyago. Nikataka kumweleza, lakini ya ndani hayasemwi kwa mtu asiyeyapitia, na ya nje peke yake anayaona kama sikukuu ya kuzaliwa. Nikarudi kupanga mabegi. Pasipoti yangu iko kabatini kwake.

Ndipo nikakutumia ile picha ya kisiwa. Nilitaka uone ninakoburutwa, umwendee Mjomba Selemani umwombe mtoto aingie mwakani. Wewe ukafanya nini? Ukaizungusha mpaka sokoni Ruangwa, ukiwaambia watu mdogo wako anakwenda kutalii na matajiri. Ikamfikia Mjomba kabla hujamfikia wewe. Nimeambiwa aliitazama, akairudisha simu, akasema, "Kama ameona kisiwa ni bora kuliko mwali wake, tutamcheza wenyewe." Akamwingiza pamoja na wajukuu zake.

Najua mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wetu, sibishi. Lakini neno lile alilipata kwako. Ulishindwa nini kumwambia kwamba sikuchagua? Au uliona raha kidogo kuwa ndugu wa mtalii?

Sasa yuko ndani. Siku atakayotoka mimi nitakuwa kwenye kindege hicho, nimepakata mtoto wa watu. Nasikia umeshajiandaa kumtandikia kanga. Kwetu mama mzazi ndiye anayemtandikia mwali wake kanga akanyage anapotoka, hata akiwa mgonjwa anashikwa mkono anatandika. Mimi sijafa. Umemlea, umemlisha, umemuuguza, nakushukuru na nitakushukuru mpaka mwisho, lakini hukumzaa, na hilo linaniuma. Tena baba yake, aliyenikimbia akaenda kuoa Nachingwea, atakuja siku hiyo na kanzu yake, mtampa kiti cha mbele.

Kinachonimaliza zaidi ni jina. Akitoka, la utotoni limekwisha. Anayemwita nalo amemtukana, anatozwa kuku. Lile nilimpa mimi, nililichagua akiwa bado tumboni, na huku nikibaki peke yangu jikoni huwa nalitamka tu. Nyakanga aliyemfunda akishalitaja jipya, mtalijua nyote asubuhi hiyo hiyo, hadi watoto wa njiani wanaochezea matairi. Mimi nitakuwa nawafunga watoto wa watu maboya.

Siku hiyo ukinipigia sitapokea. Hata video ya ngoma ukinitumia, sitaifungua. Vitenge nimempa Rehema amletee mwanangu. Najua havitawahi, avae hata akienda kisimani.

Mama msalimie sana, na usimsomee yote. Mjomba mpe shikamoo yangu; heshima yake iko pale pale, ila nimekasirika naye na ukimwambia sitakana. Shemeji Hamisi, mume wako, salamu zake, naye ndiye peke yake aliyeniuliza mimi nataka nini. Nyakanga mwambie ahsante kwa kazi, nikija nitamwona mwenyewe.

Na binti yangu msalimie. Barua hii ikifika atakuwa ameshatoka, nami nimeishika kalamu muda wote huu, sijui nimwandike kwa jina gani.

Mdogo wako,
Zuhura