Kaka Yoramu, Sasa Nimefika Florensi Kweli

Kaka Yoramu, shikamoo.

Najua huko uliko hakuna posta, lakini mimi nimeshafanya magumu kuliko kumwandikia marehemu. Haneti nzima hakuna aliyekanyaga miji mingi kama mimi, hata maadui zangu wanakiri. Ila kuna mmoja niliukanyaga kwa mdomo tu. Nilikudanganya, kaka, miaka mingi, ukaingia kaburini kabla sijakwambia. Ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka niliporudi kutoka Dar es Salaam nimevaa miwani myeusi na viatu vya ncha. Wewe ulikuwa umemaliza shule ya wasioona ya Buigiri zamani, unasoma nukta nundu kwa vidole haraka kuliko mimi ninavyosoma kwa macho (mimi na shule tuliachana darasa la tano, bila ugomvi), na serikali imekuajiri kupokea simu ofisini Dodoma mjini. Ulimjua mtu kwa kikohozi chake. Mimi Dar nilikuwa naosha masufuria kwenye hoteli ya Mtaliano. Kwako nikasema nimefanya kazi melini, meli ikatia nanga Italia, nikapanda treni, nikaishi Florensi miezi sita. Niliona aibu. Wewe usiyeona una mshahara, mimi mwenye macho mawili nimerudi na masizi kwenye kucha.

Ukataka nikusimulie. Basi kila Jumapili baada ya ibada ulivuta kigoda, nami nikakupa kanisa lenye paa jekundu la mviringo kama kilima, daraja lenye maduka juu yake, na sanamu ya kijana aliye uchi wa mnyama, amesimama hadharani bila wasiwasi. Vyote nilivitoa kwenye kalenda iliyoning'inia jikoni kwa yule Mtaliano. Kalenda ina picha kumi na mbili tu, kaka. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa naujenga mji mwenyewe. Nikaongeza ngamia.

Siku moja ukaniuliza, kwa sauti ile ya kumwunganisha mtu na simu ya msiba, "Mbona mji wako hauna harufu?"

Nikakujibu kwamba Wazungu hawanuki. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, ukasema niendelee. Nikajiona mjanja.

Siku ya kukuzika, watani wetu Wahehe walikuja, unawajua. Mzee Kihwele alizuia jeneza kama desturi yao, akaanza kutusema mmoja mmoja, watu wanacheka huku machozi yanatiririka. Aliponifikia alisema, "Marehemu aliniambia huyu mdogo wake hajavuka maji yoyote zaidi ya kivuko cha Kigamboni. Mji wake hauna kelele wala harufu. Ila alinikataza nisimkatize, eti anausimulia vizuri."

Nikacheka kuliko wote, nikasema Wahehe ni waongo tangu enzi. Hata mbele ya jeneza lako nilikana.

Sasa sikia mambo ya Mungu. Mwaka huu kikundi chetu cha wakulima wa zabibu kilipata mwaliko wa mtu mmoja kwenda Italia kuona mizabibu ya wenzetu. Walichagua nani? Mimi. Mwenyekiti alisema hakuna haja ya kura, yupo mwenyeji. Ningekataa ningesema nini? Uongo ule ule niliokusimulia wewe ndio ulionikatia tiketi. Ndege ilipopaa nilishika kiti kama mbuzi anayepakiwa kwenye lori.

Wiki nzima mashambani, halafu siku moja ya Florensi. Kaka, mji ule unanuka. Unanuka ngozi iliyotengenezwa, kahawa, na mkojo wa farasi wanaovuta magari ya watalii pale kanisani. Kengele zikilia unazisikia tumboni. Njia ni za mawe, magurudumu ya masanduku ya wageni yanapiga kelele kama mashine ya kusaga. Daraja lipo. Yule kijana naye yupo, bado hajapata nguo. Ngamia sikumwona.

Karibu na kanisa kuna mfano mdogo wa shaba wa kanisa lenyewe, umewekwa wa kupapasa, na pembeni una nukta nundu. Nikafumba macho, nikapapasa. Sikuelewa kitu. Ningekuwa nimekuleta, ungenieleza wewe.

Kisha wakatupeleka makumbusho ya sayansi. Mle ndani kuna kidole cha mtu, kaka, nakuapia. Kimekauka, kimesimama ndani ya yai la kioo, kinaelekea juu. Ni cha mtaalamu wa zamani aliyetazama mwezi na nyota kwa darubini. Nikamwambia mkalimani kwetu kidole cha marehemu tunakizika naye. Akacheka, akasema jambo moja zaidi: yule mzee alikufa haoni. Miaka yake ya mwisho alikaa gizani, wengine wakimsomea na kumwandikia.

Nikajiuliza, hao waliokaa naye walimwambia kweli? Au walimletea ngamia? Nikalia pale, mwanamume mzima mwenye mashamba. Mlinzi akaniletea kiti.

Jumamosi iliyopita tulikujengea kaburi. Ndugu wote walikuwepo, shemeji alikuwepo, Mzee Kihwele alikuwepo na mdomo wake. Kabla saruji haijakauka nilisimama nikasema, "Kaka, ile ya kwanza ilikuwa uongo. Nilikuwa naosha masufuria. Nimefika mwaka huu."

Nilitegemea wacheke, nilikuwa hata nimeandaa majibu. Hakuna aliyecheka. Mzee Kihwele alivua kofia, akaja kusimama karibu yangu.

Tangu siku hiyo najiuliza kwa nini hukunikamata. Ulijua mapema, na bado kila Jumapili ulivuta kigoda. Ulikuwa na mshahara, ulikuwa na elimu, kila aliyekuja kwako alikuja kuomba. Nadhani ulitaka mdogo wako naye awe na kitu cha kukupa.

Lala salama, kaka. Yaliyobaki nitakueleza tukionana, yote ya kweli, isipokuwa madogo madogo.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwacha aseme.