Kwa Cyusa Mutabazi, Aliyeacha Pambano Katikati

Mwaka umekatika, Baba Kamikazi, tangu ulipobonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, ukaniambia, "Usiguse, nakuja," ukatoka kupeleka makochi ya mteja kule Masoro. Hukurudi. Sisi watu wa nyumbani kwako Kagugu tunakuandikia leo, na aliyeshika kalamu ni mimi mkeo, Gaju. Wengine wamekaa hapa pembeni wananisahihisha, unawajua walivyo.

Ulikuwa fundi wa makochi pale Agakiriro, soko la mafundi la Gisozi, na hakuna kochi lililotoka bandani kwako kabla hujalikalia mwenyewe. Unakaa, unaegemea, halafu vidole vinaanza kucheza hewani kana kwamba umeshika pedi ya mchezo. Wateja wengine walidhani unasali. Ukimaliza unasema, "Hili linafaa kwa mieleka," ndipo unaliachia liende.

Mchezo wenyewe ulikuwa ule wa mieleka wa zamani, kwenye pleisitesheni ya kijivu uliyokuja nayo kutoka Karagwe ukiwa kijana, wakati wenzako walibeba nguo na vyombo. Watu wake wana nyuso za pembe pembe na vidole vilivyogandana. Vijana wa mtaani walikuletea habari za michezo mipya, ukawajibu kwamba wewe huu bado hujaumaliza.

Kila Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majembe yakishawekwa chini na mkutano wa mtaa ukiisha, sebule yetu ilijaa. Ulikuwa umemtengeneza kila jirani ndani ya mchezo. Bruce wa dukani ulimpa kinyago cha kijani. Mama yako, Nyirarukundo, ulimpa mwili wa mwanaume wa kilo mia na buti nyekundu, na hukuthubutu kumwonyesha. Mimi ulinipa kipara. Nilipouliza, ukasema mchezo hauna nywele nzuri kama zangu, na mimi mjinga nikaridhika.

Halafu unapanda juu ya kochi, unatangaza kwa sauti ya redioni, "Kutoka Karagwe, akiwa na njaa yake ya tangu asubuhi," na mtu ambaye hajacheka wiki nzima anacheka. Aliyefiwa, aliyeachishwa kazi, aliyegombana na mkewe, wote walikaa hapo wakapewa pedi hata kabla ya chai. Hukuwauliza lolote. Uliwaacha wakupige mpaka wachoke, wakishachoka wanaanza kusema wenyewe.

Sasa niseme lililotukosesha raha mwaka mzima.

Siku ile nilikuwa nimekulaza chali ulingoni. Sikuwahi kukuangusha vizuri namna ile. Nikakulalia kifuani, mwamuzi akapiga mkono chini mara moja, akapiga ya pili, simu ya mteja ikaita, wewe ukasimamisha mchezo. Nilikwambia unaogopa. Ulicheka ukachukua funguo. Kule Masoro mlishusha kochi la mwisho, ukaomba ulikalie kidogo upumue, na hapo hapo moyo wako ukasimama. Gatera, mdogo wako, aliyekuwa amelishika upande wa pili, alidhani ni utani wako.

Tuliporudi kutoka kukuzika, pambano lilikuwa vile vile kwenye televisheni: wewe chali, mimi juu yako, mkono wa mwamuzi hewani. Memori kadi inatunza wachezaji, lakini pambano lililo katikati haiwezi kulitunza. Nikizima, limepotea. Nikiendeleza, mkono unashuka mara ya tatu na mimi, kwa kidole changu, ndiye ninayekumaliza. Nikakataa kuzima, nikakataa kuendeleza. Televisheni tukaizima, mashine ikabaki inaunguruma chini yake.

Siku ya kuanua matanga, gukura ikiriyo kama tunavyosema hapa, majirani walikunywa nasi, wakatushika mikono, wakatuambia sasa kazi ziendelee. Uani msiba uliisha. Sebuleni haukuisha. Gatera alifunga betri na inveta ili umeme ukikatika usiondoke nayo. Nikitoka zamu kiwandani siulizi chakula, nauliza kama bado inaunguruma. Nilihamisha meza, nikairudisha, nikaihamisha tena. Kanisani nakaa roho juu juu, nawaza labda mtu amejikwaa kwenye waya. Nikifika nyumbani nawafukuza watoto wa jirani wasikimbie karibu na mlango, wale wale uliokuwa unawaita waingie. Nilikuwa mkali, Mutabazi. Ungekuwepo ungenificha pedi.

Binti yako Kamikazi alibeba vitabu vyake akahamia kusomea jikoni. Nilipomuuliza sababu akanijibu, "Mama, hii nyumba iko na mgonjwa, na sisi hatumtembelei." Nilimfokea. Lakini alisema kweli, na nilijua wakati ule ule nilipokuwa nafoka.

Wiki iliyopita mashine ikaanza kukwaruza ndani. Bruce alikuja, akaweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka.

"Mama Kamikazi, hii mashine iko nachoka. Itajizima yenyewe. Hautachagua."

Sikulala vizuri tangu hapo. Nilikuwa nainuka, naigusa, narudi kulala, nainuka tena.

Jumamosi tulitoka kwenye ibada ya kukuombea, sote tukaingia sebuleni. Mama yako alivua viatu, akaenda moja kwa moja kukaa mahali pako, ambapo hakuna aliyekaa mwaka mzima, akaokota pedi yako sakafuni. Hajawahi kuishika maishani mwake. Unajua anaamini wale watu wanaumia kweli.

"Mwanangu amelala chini muda mrefu," alisema. "Bonyeza."

"Mama, nikibonyeza anashindwa."

"Anashindwa akiwa peke yake. Mimi si niko hapa? Nibonyeze nini?"

Gatera akapiga magoti karibu naye. "Vyote, Mama. Bonyeza vyote, usiache."

Kamikazi akawasha televisheni. Ulikuwa pale pale, chali. Nakwambia ukweli, nilikuwa na hasira, na Mama, na wewe, na ile simu ya mteja. Nikabonyeza. Mama akavivamia vile vitufe kwa vidole vyote kama mtu anayepukuchua mahindi, huku akikuita, "Cyusa, Cyusa, inuka," na kabla mkono wa mwamuzi haujafika chini, wewe ukanitupa pembeni. Ukainuka.

Gatera akatoka nje kulia. Kamikazi alinishika bega. Wewe ulisimama katikati ya ulingo unahema wanavyohema wale, mabega yanapanda, yanashuka. Na mimi nikasimama mbele yako na kipara changu. Mama alikuwa ameshalaza pedi mapajani, na mimi yangu nilikuwa nimeiweka chini. Hakuna aliyempiga mwenzake.

Mama akakuangalia mpaka akatosheka. Kisha akaniambia, "Sasa, mwanangu."

Nikanyoosha mkono nikaizima mashine, ukiwa umesimama.

Kimya cha sebule hii bado hakijatuzoea. Naingia, natoka, nasahau nilichofuata. Jana nimesimama mlangoni nasikiliza kitu ambacho hakipo, mpaka Kamikazi akaniletea kiti. Nadhani itachukua muda, na sina haraka ya kukizoea.

Unakumbukwa na mkeo Gaju. Binti yako Kamikazi. Mama yako Nyirarukundo, ambaye tangu Jumamosi anauliza tutamfundisha lini vizuri. Mdogo wako Gatera. Rafiki yako Bruce na majirani wote wa Kagugu. Pamoja na mafundi wenzako wa Gisozi.

Sikukushinda, Baba Kamikazi. Tutakukumbuka siku zote tutakazopewa.